Cheki ya Jioni

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha radio, Shefu wa Radio, mkubwa wa chumba kile, alinionyesha kiti akasema, "Mama Zuhura, leo jioni utafanya cheki." Nikamjibu, "Asante shefu, lakini hata kazi sijaanza." Alicheka mpaka akavua miwani. Kwetu Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, wakati ule cheki ilikuwa moja tu, ile karatasi ya benki ambayo wenye maduka makubwa waliandikiana. Mimi nilikuwa sijawahi kuishika. Nilidhani hili shirika linalipa watu mbele ya kazi.

Vijana wananiuliza tulifanyaje kazi miaka ile ya vita, wakati simu za mkononi hazikuwepo au zilikuwa za wakubwa. Nitajaribu kueleza. Sikusoma sana. Nilimaliza shule ya msingi na miaka miwili ya sekondari, kisha nikauza spea kwenye duka la mjomba wangu. Jioni nilikuwa na tabia ya kuandika mambo ya siku, lakini nikisoma sasa naona kuna mahali nilikosea, na mahali nilipoandika nilivyotaka iwe. Basi mnisome kwa uangalifu.

Shirika lilikuwa la misaada. Magari yake yalipeleka maharagi, mablanketi na dawa kwenye kambi za watu waliokimbia milima yao. Mji wenyewe ulikuwa umekatika vipande. Kuna mtaa ambao mtu wa kabila hili hapiti, na mtaa ambao wa kabila lile hapiti. Shefu wa Radio, ambaye alikaa Mutanga Nord na zamani alifanya kazi posta, aliniambia wazi kwa nini walinichagua. "Una sauti nzuri, na Kirundi chako ni safi. Lakini kubwa ni kwamba wewe ni wa Buyenzi. Siku hizi watu wanaulizana wametoka wapi kabla ya kusalimiana. Nyinyi Waswahili wanawaachia mpite." Sijui kama ilikuwa sifa. Mpaka leo nageuza maneno yale, na sioni upande wake wa juu ni upi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ofisi iliitwa Bezi. Kila gari liliitwa Mobil na namba yake. Radio zilikuwa za aina mbili: kubwa ya ndani ya gari, iliyovuka milima mpaka mikoani, na ndogo ya mkononi, tokiwoki, ambayo haikutoka nje ya mji. Unabonyeza kitufe, unasema, unaachia, unangoja. Mkibonyeza wawili pamoja mnauana sauti, hakuna anayesikika. Kwa hiyo aliyeshika Bezi ndiye aliyegawa zamu ya kusema, hata kwa wakubwa. Ilinichukua muda kuzoea kumwambia mzungu anyamaze.

Na cheki ile niliyoambiwa siku ya kwanza ilikuwa ni kuwaita wote jioni, kabla ya saa ya kufungiwa ndani, mmoja mmoja kwa namba, ili kila mtu ajibu kwamba yupo na anasikia. Ni neno la Kiingereza. Wazungu wetu wengi walisema Kifaransa, lakini mambo ya radio yalikuja na Kiingereza chake, nasi tukayapokea yalivyo.

Baadaye nikagundua neno hili halikai mahali pamoja. Asubuhi kulikuwa na cheki ya barabara, ambayo ni kuuliza njia imelalaje. Sheria ilinitaka niulize watu wawili wasiojuana, mmoja wa upande wa jeshi na mmoja wa kituo cha afya au misheni, na wote wawili waseme sawa, ndipo gari litoke. Kulikuwa na cheki ya gari, yaani mafuta, maji, matairi na bendera. Kizuizi cha askari, ambacho mjini tuliita bariyeri, kwenye radio kilikuwa cheki pia: cheki ya kwanza, cheki ya pili. Madereva wa malori kutoka Tanzania waliokuja kutengenezea magari Buyenzi walisema "nicheki kesho," maana yake nitafute, na "cheki yule," maana yake mwangalie. Wanawake sokoni wana kitambaa cha cheki, chenye mistari ya kukatana. Na mwisho wa mwezi ile ya benki, ambayo nami hatimaye niliishika.

Aliyependa kunitania kwa neno hili ni dereva wa Mobil Sita, Ramazani. Tulikulia avenyu moja, akiniita dada. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, na kofia ya kusuka ambayo hata askari walimjua nayo.

"Dada," alisema siku moja akisubiri karatasi za safari, "hii neno yako moja inafanya kazi ya maneno kumi, na mushahara inapata ya moja. Kama mi."

"We lalamika kwa Delege," nikamwambia.

"Delege nitamuambia nini? Atasema anacheki."

Delege wa Usalama ndiye mzungu aliyeamua gari litoke au lisitoke. Nitarudi kwake.

Nilipelekwa mkoa wa Ngozi kwa muda, kufungua chumba cha radio cha kule, na nikafundisha wasichana wawili. Kule nilikuwa peke yangu, na jioni nilipoisikia Bezi ya Bujumbura ikiniita kwa namba, nilikuwa nakaa wima kitandani kama naitwa darasani. Ndipo nilipofahamu cheki ikoje kwa yule anayeitwa. Mpaka hapo nilikuwa nikidhani ni kazi ya anayeita.

Niliporudi mjini nilianza desturi moja ambayo haikuwa kwenye sheria. Madereva waliruhusiwa kwenda na tokiwoki nyumbani, kwa sababu ya usalama. Waliposafiri mikoani walitumia radio ya gari, na tokiwoki ikabaki kabatini, kwenye chaja. Wake zao wakawa wanaiwasha jioni. Lakini walinisikia mimi tu, hawakumsikia mume anayejibu kutoka milimani. Nikaanza kufanya hivi: mume anapojibu kwenye radio kubwa, mimi naisogeza maiki ya tokiwoki karibu na spika, nabonyeza, na sauti yake inaingia nyumbani kwake. Shefu wa Radio aliponikuta alisema, "Mama, hii ni radio ya kazi, si ya mapenzi." Nikaacha. Siku chache baadaye akasema, "Ile maiki na spika, unaziweka karibu sana, ndiyo maana zinapiga filimbi. Weka mkono katikati." Nikawa naweka mkono katikati.

Hivyo kukawa na nyumba nyingi mjini, Buyenzi, Cibitoke na kwingineko, ambako jioni mtu alizima jiko kidogo ili asikie namba ya mtu wake. Walikuwa ni wa mitaa isiyopitana. Kwenye cheki walipangwa kwa namba tu.

Asubuhi ile ya Ramazani nilifanya cheki ya barabara kwa watu wawili, kama sheria. Wote walisema sawa. Delege wa Usalama aliniuliza mara mbili, na nikamjibu mara mbili. Watu baadaye walisema Delege aliwaharakisha madereva kwa sababu ya mahindi yaliyokuwa yanaoza. Mimi nilikuwepo. Hakumharakisha mtu. Njia ileile alikuwa ameipita mwenyewe siku iliyotangulia, akiwa mbele. Nasema hivi ingawa sikumpenda sana, alikuwa mtu wa kupiga meza.

Yalitoka magari mawili, Mobil Tano mbele, Mobil Sita nyuma. Ramazani aliita akipita cheki ya pili. Alisema ukungu ni mwingi na kwamba ameombwa sigara na askari ambaye yeye mwenyewe hana viatu. Nikamwambia asonge karibu na mwenzake. Akasema, "Nasikia, dada."

Mobil Tano ilifika. Mobil Sita haikufika.

Niliita. Unaita mara tatu, unaacha nafasi kati ya kila mara, kisha unasema kwa sauti hakuna jibu, ili wengine wote wajue, halafu unaendelea na kazi. Hilo la kuendelea na kazi ndilo sikuambiwa siku ya kwanza. Nani alimpiga barabarani, wengine walisema hawa, wengine wakasema wale. Mimi sikuwepo, na aliyekuwepo hakubaki wa kusema. Njia ikafungwa. Ilipofunguliwa, gari halikuonekana barabarani.

Sheria ya shirika ilisema namba iliyopotea iendelee kuitwa kwenye cheki ya jioni mpaka Mkuu wa Ofisi aamue vingine. Nadhani aliyeitunga alifikiria betri iliyokufa, au mtu aliyejificha porini na radio yake. Basi kila jioni nilifika Mobil Tano, akajibu, kisha nikamwita Ramazani mara tatu, nikangoja, nikasema hakuna jibu, nikaenda kwa Mobil Saba. Wiki zikapita hivyo.

Na kule avenyu yetu, mke wake, Mama Asha, alikuwa anawasha tokiwoki kila jioni.

Hatimaye walikuja ofisini wanaume wawili wa mlima wa kando ya njia ile. Walieleza gari lililoungua bondeni, na mtu waliyemzika wao wenyewe kwa heshima, nje kidogo ya shamba la chai. Walitaja mwanya wa meno. Walitaja kofia ya kusuka, na mmoja akaonyesha kwa vidole jinsi ilivyosukwa. Shehe wa mtaa aliwasikiliza peke yao, mmoja mmoja, akasema imetosha. Mjane akae eda, watu wakae matanga, marehemu asomewe. Kabla ya hapo alikuwa amekataa, akisema eda haianzi kwa kudhani.

Mama Asha hakukubali. Majirani walinifuata kunieleza. Aliwajibu, "Pale radio banamuita kila siku, sasa mi nitakaa eda ya nani?" Turubai ya matanga ilikuwa imeshaletwa, ikalala imekunjwa uani.

Asubuhi iliyofuata Shefu wa Radio aliniambia, bila kuniangalia, "Mama Zuhura, Mkuu wa Ofisi ameamua. Kuanzia leo Mobil Sita uiruke." Kisha akaongeza kwamba tokiwoki iliyoko nyumbani kwa Ramazani irudi.

Sikumwona kuwa mbaya. Mikono yake ilikuwa inapanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilimwomba ruhusa ya kwenda Buyenzi kwanza, ili Mama Asha asije akasikia namba ile ikirukwa akiwa peke yake. Akasema nenda na gari. Nikasema nitakwenda kwa miguu.

Nilimkuta anafua. Tokiwoki ilikuwa juu ya kabati, taa yake ndogo inawaka.

"Karibu dada. Umekuja kuchukua radio?"

"Nimekuja kukuambia neno mbele hujalisikia kwingine."

Akakamua nguo, akaining'iniza, akachukua nyingine. "Sema."

"Leo jioni nimeambiwa nimuruke."

Aliirudisha nguo kwenye maji. Kisha akasema, "Kumuita kunabapunguzia nini? Inakula esansi ya gari zao? Ni neno tu. Maneno yenu mule muradio ni mengi, hiyo moja njo inawalemea?"

"Mama Asha, wale wazee walikuja. Shehe amewasikia."

"Nimejua. Mi si kichaa, dada. Kofia nilisuka mwenyewe." Akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Nitakuambia iko namna gani. Mi nafunga mulango, watoto nawanyamazisha. Ukifika Mobil Tano moyo inapanda. Ukisema Mobil Sita, halafu unaachia, kunakuwa kale ka kimya. Ni kadogo, lakini mule njo mume wangu iko bado. Hakujajulikana. Sasa unataka uniondolee na kale ka kimya."

Nilitaka kumwambia kwamba siyo mimi ninayeondoa. Sikusema, maana ingawa ni kweli, sauti ingekuwa yangu. Nikakaa naye. Nguo zikaanza kukauka.

Mwisho akafuta mikono kwenye kanga. "Ita leo," akasema. "Mara moja tu. Mi nitajibu."

"We hauna ruhusa ya kusema mule."

"Basi uniombee."

Nilirudi ofisini jua likiwa kali. Nilimweleza Shefu wa Radio kila kitu kama nilivyosikia, hata lile la kimya. Nilidhani atasema radio si ya matanga, na angekuwa na haki. Alitazama ubao wa namba. Kisha akasema, "Mfundishe vizuri. Watu wakibonyeza wanasema palepale, neno la kwanza linakatika. Abonyeze, avute pumzi, ndipo aseme." Na akaniruhusu kurudi.

Basi alasiri ile nilimfundisha Mama Asha, radio ikiwa imezimwa. Mara ya kwanza alikibonyeza kitufe kwa kidole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Polepole. Si karanga ile unakamua mafuta."

"Na nikikosea?"

"Unaachia, unaanza tena. Hakuna atakayekucheka."

"Ramazani angecheka," akasema. Na ni kweli, angecheka.

Jioni nikakaa kwenye kiti. Shefu wa Radio hakwenda nyumbani; alisimama nyuma yangu. Nilianza na Mobil Moja. Wote walijibu, mmoja baada ya mwingine, Delege wa Usalama naye. Mobil Tano alijibu kwa sauti ya chini, maana tangu siku ile alikuwa hapendi kuwa mtu wa kabla ya Sita. Nikabonyeza.

"Mobil Sita, Mobil Sita, hapa Bezi. Cheki ya jioni."

Nikaachia. Nikasogeza maiki ya radio kubwa kwenye spika ya tokiwoki, mkono katikati, ili na walioko milimani wasikie. Kimya kikawa kama cha siku zote. Nikawaza amebadili nia, au mtoto amelia. Kisha nikasikia kitufe, na pumzi.

"Bezi, hapa ni nyumbani kwa Mobil Sita. Tunawasikia." Akaachia, nikadhani amemaliza. Akabonyeza tena. "Musimuite tena. Alishafika kwa Mungu. Asanteni kwa kumuita siku zote hizi."

Sheria inataka ujibu na kumwambia mtu unampataje, kuanzia moja mpaka tano. Tano ni safi kabisa, moja ni makelele tu. Hutoi namba ya kumfurahisha mtu, kwa sababu kesho ataiamini radio mbovu. "Mobil Sita, hapa Bezi," nikasema, "nakupata tatu. Asante, Mama Asha. Bezi inafunga Mobil Sita."

Shefu wa Radio alikwenda ubaoni na kufuta kwa kiganja.

Nikamwita Mobil Saba. Hakujibu mara moja. Nikaita tena. Alikuwepo, niliisikia injini yake nyuma alipobonyeza, na akaachia bila kusema kitu. Mara ya tatu ndipo akajibu. Sikumwandikia kosa.

Jioni ileile turubai ilikunjuliwa. Mama Asha akaingia eda. Kulipokucha, tokiwoki na chaja yake vilifika ofisini ndani ya kanga, vimefutwa vumbi hadi kwenye mashimo ya spika. Namba sita ilikaa tupu muda mrefu. Akaja Mkuu wa Ofisi mpya, ambaye hakumjua Ramazani, akampa dereva mwingine. Wengine walinung'unika. Mimi niliona hakufanya ubaya. Gari lazima liwe na namba. Lakini mara ya kwanza nilipoita na sauti ya mwanamume ikajibu haraka, vizuri kabisa, nilisahau zamu ya nani inafuata, na Shefu wa Radio ndiye aliyeniambia, "Saba, mama."

Vita vilikwisha kidogo kidogo, namna ambayo hujui siku gani. Shirika likapunguza magari, kisha watu. Shefu wa Radio alistaafu kabla yangu, akafa akiwa Mutanga Nord, Mungu amrehemu. Nilikwenda kanisani nikakaa nyuma. Mimi niliondoka radio zilipokuwa zinakaa zimezimwa siku nzima, kwa sababu kila mtu ana simu. Sisemi zamani ilikuwa bora. Siwezi kusema hivyo nikiwakumbuka wote walioitwa wasijibu. Ninachoona tu ni kwamba simu inamwita mmoja, na wengine hawajui kama amejibu.

Lile neno bado nalisikia. Wajukuu zangu wanasema nicheki, nitakucheki, cheki hii. Sijasoma kiasi cha kujua Waingereza wenyewe wanalitumiaje, wala lilianzia wapi. Nikilipima kwa kazi zake zote nilizozifanya, kusimamisha watu njiani, kutazama matairi, kutafuta mtu, naona kama kila mara ni swali lilelile, kwamba je, uko sawa, naweza kukuamini? Huenda nakosea. Ni mawazo ya mtu aliyekaa kwenye kiti kimoja muda mrefu.

Mama Asha hakuolewa tena. Tumezeeka naye avenyu moja, na mambo ya radio hatukuyagusa kwa miaka mingi. Juzi tulikuwa tunachambua maharagi barazani kwake, na ghafla akasema:

"Dada, mume wangu ulimupa tano kila siku."

"Sauti yake ilikuwa inafika vizuri."

"Mi ukanipa tatu."

"Betri ilikuwa imeshuka, Mama Asha. Na ilikatika mara moja."

"Apana. Haikuwa betri." Akatupa jiwe moja nje ya sinia. "Ulifanya vizuri. Ungenipa tano ningejua unanionea huruma." Akachambua kidogo. "Na sasa hivi, unanipata ngapi?"

Gereji ya ng'ambo walikuwa wanagonga bati, na sikio langu la kushoto halifanyi kazi tena.

"Nne," nikasema.

Alicheka mpaka sinia ikamwagika.